Alama Ambazo Mwalimu Alisema Si Zangu

Watu huniambia nimsamehe mwalimu wangu wa hesabu. Nimeishi ng'ambo miaka kumi na mmoja, nimerudi na diploma ya uhandisi wa umeme, nimejijengea nyumba Njiru bila kusukumwa na mtu, na bado sijamsamehe. Sioni haja.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa ya Eastlands, Nairobi, miaka ya tisini. Kila asubuhi nilitembea kutoka mabanda ya bonde la Mathare, viatu mkononi mpaka nimalize matope. Muhula huo nilipata themanini na tisa katika hesabu. Aliyenifuata alipata sitini na mbili. Mwalimu alirudisha karatasi akianzia wa mwisho, kama ilivyokuwa desturi, na alipofikia yangu akaishika kwa vidole viwili.

"Wewe wa bondeni," akasema, "mwakenya uliuficha wapi?"

Mwakenya ni kile kikaratasi cha majibu ambacho watu walikificha kwenye soksi. Darasa zima likacheka. Nikamwomba anipe mtihani mwingine pale pale, mbele ya wote.

"Sina wakati wa kusahihisha wizi mara mbili."

Kwenye ripoti ya kufunga shule akaandika kwa wino mwekundu: Alama hizi si zake.

Mama alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo. Aliisoma ripoti akifuata kila neno kwa kidole.

"Ni kweli?"

"Si kweli, Mama."

"Basi maneno haya atayafuta yeye mwenyewe."

Akakataa kuitia sahihi, akakataa pia kuirudisha shuleni.

Muhula uliofuata wenzangu walisomea mtihani. Mimi nilimsomea mwalimu. Nilifanya kila hesabu iliyokuwa kitabuni, hata zile alizoziruka kwa sababu, nadhani, hakuziweza. Kila Jumamosi nilienda mtaa wa Lucky Summer kwa binamu yangu, aliyekuwa na vitabu vya kidato cha nne, nikafanya hizo pia.

Siku ya mtihani niliingia bila sweta, mikono ya shati imekunjwa, viatu bila soksi, mifuko ya suruali nimeigeuza nje ikining'inia kama masikio ya mbuzi.

"Niaje, msee," jirani yangu akaninong'oneza, "umeporwa?"

Nilikwenda kukaa dawati la mbele kabisa, mkabala na meza ya mwalimu.

"Kaa kama mwanafunzi," akasema.

"Nikague kwanza, Mwalimu."

Hakunikagua. Nilimaliza ikiwa imebaki nusu saa, nikaweka kalamu chini, nikamkodolea macho mpaka kengele ilipolia. Alifungua gazeti, akalifunga, akalifungua tena. Sitasema uongo: ile nusu saa niliifurahia kuliko siku niliyopewa diploma.

Nilipata tisini na sita.

Siku ya kufunga shule wazazi waliketi uwanjani. Desturi yetu ilikuwa kwamba aliyeongoza katika somo hupewa zawadi na mwalimu wa somo lenyewe, tena kwa kushikana mikono. Jina langu likasomwa. Mwalimu akaninyooshea seti ya jometri huku akitazama upande. Kabla sijaipokea, Mama akasimama kati ya wazazi, angali na ovaroli ya kazini.

"Mwalimu, na alama hizi je? Ni zake?"

Shingo zote zikageuka.

"Mama, hayo yalishapita."

"Hayajapita. Nimekuja nayo."

Akapita katikati ya viti, akaiweka ripoti juu ya meza ya zawadi. Mwalimu akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Basi mwalimu wa hesabu akatoa kalamu, akainama, akapitisha mstari mwembamba juu ya maneno yake, akanipa.

Nikasoma.

"Bado yanasomeka, Mwalimu."

Akapitisha mstari wa pili. Nikaiinua ripoti kwenye mwanga, bila haraka yoyote, wazazi wote wakingoja juani, kisha nikamrudishia.