Swali Tulilolipeleka Oldonyiro

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka mtaa wa Wabera. Mimi kukutana na watu nisiowajua ni shida, lakini mkalimani wa Shangazi Kendi alikuwa mgonjwa. Shangazi ni dada ya baba, Mmeru. Anafanya utafiti wa saikolojia juu ya watoto waliopatwa na mambo mazito wakiwa wadogo, na jinsi ya kusaidia familia zao mapema. Kisamburu hajui. Mimi nimekipata kwa mama.

"Leo wewe ndio mdomo wangu," akaniambia.

"Basi leo tutanyamaza," akasema Abdi, dereva. "Huyu hata salamu hamalizi."

Njiani, huko Kipsing, tulisimama kunywa chai. Vumbi lilikuwa limeingia hadi kwenye soksi. Shangazi akanieleza kuhusu nyumba tuliyokuwa tukienda: kuna msichana mdogo, Nasieku, haongei tangu kaka yake auawe na wezi wa mifugo. Mradi wake ungemtuma mshauri kila wiki, ila mama yake alikuwa amekataa mara moja. Akikataa tena, basi.

Oldonyiro tulifika jua likiwa kali. Mama Nasieku alitupatia chai ya maziwa, mtoto amejificha nyuma ya shuka la mama yake. Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Kisha Shangazi akasema, "Muulize, yule kijana aliyefariki aliitwa nani?"

Nilijua Wasamburu hawataji jina la marehemu. Lakini mimi ni nani nimkatize mtu mzima? Nikauliza. Mama Nasieku akainuka, akaenda kwenye boma la mbuzi.

"Nimekosea wapi?" Shangazi akaninong'oneza.

"Hilo jina haliitwi tena. Nilijua, nikaogopa kukuambia."

Akafunga karatasi zake. "Enda wewe. Usibebe kitu."

Mama Nasieku alikuwa akimtoa kupe mwanambuzi mmoja msumbufu. Nikamshikia miguu. Tulikaa hivyo muda mrefu, hadi mikono yangu ikanuka mbuzi.

Nikasema polepole, "Yule aliyemtangulia Nasieku, alipenda mbuzi gani?"

Akanitazama. "Mama ya huyu. Yeye na huyo mbuzi, wote wawili vichwa vigumu." Akacheka kidogo, akafuta macho kwa kiwiko.

Nasieku akaja, akashika sikio la mwanambuzi. Mama yake akamsogezea nafasi.

"Mwambie yule mama waje na mshauri wao," akaniambia. "Lakini na wewe uwe hapa. Wao wanauliza kama polisi."

Kurudi, giza lilitukuta njiani. "Kumbe mdomo unafanya kazi," Abdi akasema.

Shangazi akasema, "Hilo swali tutalibadilisha. Na wewe, utakuja kila Jumamosi?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kwa lile giza hakuniona, na sikuongeza neno.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilitembea hadi kwa Shangazi, mtaa wa Bulla Pesa, nikabisha mlango. Alipofungua nikasema, kwa sauti hadi jirani akageuka: "Nitakuja."