Sehemu Tatu Alizoruka Cyril

Nyakuoth alikasirika hata akaiacha chai yake. Miaka minne ameshika maiki katika kibanda cha video cha Dancan pale mtaa wa Jebel jijini Juba, akiwasimulia watazamaji katuni za Kijapani kwa Kiswahili alicholelewa nacho Kitale. Leo Dancan anamwambia ampishe Cyril, shemeji wa Dancan mwenyewe, aliyefika Juba juzi tu.

"Dada, unachelewesha watu," Dancan alisema. "Wanataka Hodaki. Jamaa alizaliwa na radi mkononi! Huyo mpinzani wake, Renzui wako, anabeba maji sehemu tatu nzima za katuni."

"Hizo ndizo zinamfanya awe Renzui! Hodaki ana nguvu, sawa, lakini amekua wapi? Tangu mwanzo ni yule yule, kelele tupu."

"Khalas, basi. Mpe Cyril maiki."

Akampa, hasira zikimchemka. Yeye alianza kwa kufagia kibanda hiki hiki, akisoma maandishi ya chini ya skrini polepole, akikosea, akizomewa, mpaka watu wakawa wanauliza kama ni zamu yake kabla ya kuingia. Mchumia juani hula kivulini, wanasema. Uongo mtupu! Kivuli amepewa mtu ambaye dada yake ameolewa na mwenye kibanda. Aliketi benchi la nyuma kabisa, amenuna, aone.

Cyril alikuwa na sauti nzuri, hilo hakumnyima. Ila Renzui alipoanza kupanda mlima na ndoo zake, Cyril alipiga miayo kwenye maiki, akabonyeza rimoti, akaruka sehemu zote tatu hadi kwenye pambano. Hodaki akarusha radi. Renzui akaidaka kwa mikono mitupu, akaizima.

Watu wakasimama. "Wizi! Huyu nguvu ametoa wapi?"

"Ni uchawi tu," Cyril akajibu, na hapo ndipo walipomzomea hasa. Chupa ya maji ikampita sikioni.

Dancan alikuja nyuma mbio, jasho linamtoka. "Nyakuoth, dada yangu, malesh, samahani. Nenda uwaeleze."

"Si mimi nachelewesha watu?"

"Tafadhali."

Alikwenda, akamnyang'anya Cyril maiki, akairudisha katuni hadi sehemu ya nne, ile ya ndoo za kwanza. Wengine wakaguna.

"Nyamazeni!" alifoka. "Mtatazama kila ndoo. Na wewe Dancan, usitoke. Miaka minne unakusanya viingilio vya Renzui, na hujawahi kumtazama hata mara moja. Keti!"

Kibanda kizima kikamgeukia Dancan. Akasogeza magoti ya watu, akapata nafasi kwenye benchi, akaketi.