Nilisema Namjua Gaudensi

Hili jambo sijawahi kulisimulia akiwepo mtu wa Kaengesa, na hata leo nawaambia ninyi kwa sababu mmenibana, maana aibu yake bado ninayo.

Mnaikumbuka ile televisheni yetu ya Majengo, ya kwanza kabisa mjini, miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye uwezo kidogo akawa anaanzisha kitu? Bosi alikuwa na kibanda cha kuonyesha video, akanunua kamera moja na mtambo wa kurushia matangazo, akasimamisha mlingoti juu ya bati, na mimi niliyekuwa nimetoka sekondari nikawa msomaji wa habari, mpiga picha na mfagiaji (hiyo ya mwisho ndiyo niliyoimudu). Matangazo yaliishia mjini tu. Kilichotupa heshima ni vifo: mtu akifiwa analeta karatasi na picha ya marehemu, naibana kwenye ubao wenye kitambaa cheusi, naielekezea kamera, nasoma taratibu, na mji mzima unanyamaza.

Siku hiyo akaja mzee kwa baiskeli kutoka Kaengesa, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwamkia, akanieleza kwamba mwanawe Gaudensi, fundi seremala wa hapa mjini, amefariki huko nyumbani baada ya kuugua, wanamzika kesho saa nane, na kwa kuwa hakuacha mke wala mtoto, anaomba watu wa mjini waje wamlilie. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa unamjua Gaudensi wetu?"

"Namjua sana, baba. Nani asiyemjua?"

Sikumjua. Nilitaka kumpoza, na (niseme kweli) nilipenda kuonekana mtu anayejua kila mtu. Alipoondoka ndipo nikaitazama picha aliyoniachia: wanaume wawili mbele ya kanisa, suti zinafanana, sura zinafanana. Ningeweza kumkimbilia, hata kona alikuwa hajakata, lakini ningemwambiaje baada ya kusema namjua sana? Nikachagua aliyeonekana mpole, mwenzake nikamziba kwa kipande cha karatasi, jioni nikasoma kwa sauti yangu nzuri.

Niliyemwonyesha ni Polikapi, kaka wa marehemu, mzima wa afya, aliyekuwa amekwenda Kaengesa kumuuguza mdogo wake. Mke wa Polikapi, Oliva, alikuwa huku mjini kwa jirani anatazama. Akasikia jina la shemeji yake, akaona uso wa mume wake, na kwa kuwa watu waliamini picha kuliko mdomo wangu, wote wakasema msomaji kachanganya majina. Simu ya kuulizia haikuwepo. Asubuhi majirani wakakodi lori, na bosi akanituma nipande humo nikapige picha za mazishi (ndivyo nilivyojipeleka mwenyewe). Njia nzima wanawake walimlilia Polikapi, na mimi nikalia nao, nikidhani ndilo jina la pili la marehemu na Oliva ni dada yake.

Tulipofika, jeneza lilikuwa uani, mama yao amekaa mkekani, na aliyekuja kutupokea alikuwa Polikapi. Oliva akaruka kabla lori halijasimama. Akamshika uso, akamshika mabega, akawa anacheka na kulia kwa pamoja, na lori zima likamfuata, vigelegele, watu wanakumbatiana, wengine wanamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale mbele ya jeneza. Hakuna aliyekusudia. Furaha iliwatoka kabla hawajakumbuka wako wapi.

Yule mama akainua kichwa. Akasema polepole, kwa Kiswahili, ili sote tuelewe, "Na huyu wangu je? Mnashangilia kwamba ni yeye?"

Vigelegele vikakatika. Polikapi akaitoa mikono ya mkewe mabegani, akaenda kukaa chini kando ya jeneza, ameinamisha kichwa kana kwamba kuwa hai lilikuwa kosa lake.

Kosa lilikuwa langu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nikaweka kamera chini, nikampigia magoti yule mzee, nikamwambia nilimdanganya, mwanawe sikuwahi kumjua. Hakunigombeza.

"Basi njoo umwone," akasema, akanishika mkono mpaka kwenye jeneza, akafunua, akaningoja nitazame.

Tangu siku hiyo, ukiniuliza habari za mtu nisiyemjua nitakwambia simjui, hata kama nimeona machozi yako.