Nyumba ya Mpishi wa Reli

Tulimzika mama kijijini Matombo, kwenye ardhi ya ukoo wake, mvua ikinyesha mfululizo hadi wachimbaji wakawa wanachota maji kaburini kwa ndoo. Tulipokuwa tunarudi mjini, gari likiteleza kwenye tope la barabara ile ya mlimani, binti yangu aliniuliza bibi yake alifanya nini ujana wake wote kabla ya kuolewa. Nilijua tu kwamba aliteremka Morogoro mjini akiwa msichana, akapanga chumba Mji Mpya kwenye nyumba ya mpishi mmoja wa reli, nyumba yenye baraza nyekundu, jirani na msikiti. Miaka yote tuliyokaa naye chini ya paa moja sikuwahi kumuuliza zaidi ya hapo.

Mimi nauza katika duka la pembejeo karibu na soko, na Jumapili tunafunga. Nikaanza kwenda Mji Mpya kila Jumapili nikitoka misa ya kwanza, kuitafuta nyumba hiyo.

Nilidhani nitaipata asubuhi ile ile. Lakini mtaa umebomolewa vipande vipande: hapa fremu za maduka, pale gesti ya ghorofa, kule kiwanja kilichozungushiwa mabati na ndani hamna kitu ila majani. Kila niliyemuuliza habari za nyumba za zamani alinitazama kwa macho ya biashara.

"Dada, wewe ni dalali?" mama lishe mmoja aliniuliza huku akigeuza chapati. "Kile kiwanja cha kona bado hakijachukuliwa."

Nikamwambia natafuta nyumba aliyoishi mama yangu.

"Ilikuwa yake?"

"Hapana, alipanga."

Akatikisa kichwa. "Kama alipanga tu, basi hutaipata. Hata wenye nyumba wenyewe hawapo tena."

Nikaipata, hata hivyo, baada ya kuipita mara kadhaa bila kuitambua. Ilikuwa imebanwa kati ya gereji na duka la vigae, hatua chache kutoka msikitini, nyumba ya miti na udongo, lipu imebanduka, bati limekuwa na rangi ya chai. Wekundu wa baraza ulibaki kwenye pembe tu, mahali ambapo miguu ya watu haikufika. Mama mmoja mzee sana alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekutuma tena?"

"Nani, mama?"

"Hao wanaotaka kununua."

Nikamweleza mimi ni nani na mama yangu ametoka wapi. Akaweka ungo chini. Akanitazama usoni, kisha akasema baba yake ndiye aliyekuwa mpishi wa reli, na kwamba wasichana wa Kiluguru waliopanga hapo walikuwa wengi, lakini huyo wa Matombo anamkumbuka. "Alikaa chumba cha uani, kile cha mwisho. Basi mimi ni mama yako mkubwa. Ingia ndani, mwanangu, usisimame juani."

Kuanzia siku hiyo nikawa nakwenda kwake kila Jumapili. Nampelekea sukari na majani ya chai, yeye ananitembeza ndani ya nyumba kwa maneno. Mlango wa mbele ulikuwa wa mninga, baba yake aliutoa kwa fundi wa karakana ya reli. Ukumbini, usiku wa kuamkia soko, walilala watu walioteremka kutoka milimani na mizigo yao, maana baba yake hakuwatoza kitu. Walilala wamepangana kama magunia, wanaume upande huu, wanawake upande ule, ndizi na mananasi katikati. Mdalasini waliouleta ulinukia hadi ukakolea ukutani. Aliniambia niweke pua yangu ukutani ninuse. Nilinusa udongo na moshi tu, lakini nilisema nasikia, na yeye akafurahi.

Kuhusu mama alinipa vitu ambavyo sikuwahi kuwa navyo. Kwamba siku ya kwanza alilia kwa joto la mjini na akataka kurudi kwao. Kwamba alikuwa anauza mdalasini kwa kupimia kifuniko cha chupa, akipita nyumba kwa nyumba, na baadaye akapata kazi kiwandani ya kuchambua tumbaku, akawa anarudi jioni anakohoa, nguo zinanuka. Kwamba hata alipokuwa amechoka sana aliimba kanisani kwao kama vile hajachoka. Nilimtazama yule mama mzee akisema na nikamwona mama yangu, msichana mwembamba, mwenye lafudhi ya mlimani iliyowachekesha wapangaji wenzake. Nilikuwa nikitoka pale natembea taratibu, sitaki kufika nyumbani.

Siku moja tulitoka ili anionyeshe mtaa. Alishika mkono wangu. Tulipofika njia panda ya kwanza akasema hapa alikaa fundi cherehani aliyewashonea watu wote kanzu za Idi. Palikuwa na duka la spea za pikipiki. Akasema pale palikuwa na kisima cha jamii. Palikuwa na ukuta. Tukaendelea. Halafu akasimama ghafla akauma midomo.

"Hapa ni wapi?"

"Ni mtaa wenu, mama mkubwa. Nyumbani ni pale nyuma."

"Usinidanganye," akasema. "Mimi nimezaliwa hapa. Hapa si kwetu."

Hakutaka kutoka tena baada ya hapo.

Nyumba ilikuwa ya mirathi. Ndugu zake walikuwa wamekufa wote, na waliobaki ni watoto wa ndugu zake, wengi wametawanyika Dar na Dodoma. Walikuja wakakaa kikao ukumbini. Mimi nilikuwapo kwa sababu nilikuta kikao kimeanza, na hakuna aliyenifukuza. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, mwanamume anayeishi Mikese ambaye ndiye aliyekuwa akija kumtazama mara kwa mara, alisema kwa upole kabisa, "Shangazi, nyumba itakuangukia. Ukuta wa chumbani kwako umeshapinda. Utakaa kwangu, utakula, utatunzwa."

"Na hapa?"

"Hapa patauzwa, shangazi. Kila mtu apate chake."

Aliangalia mikono yake. Hakusema ndiyo wala hapana, na wao wakachukua hiyo kuwa ndiyo.

Nilifanya nilichoweza, na nilichoweza kilikuwa kidogo. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda ofisi moja kuuliza kama kuna utaratibu wa kuhifadhi nyumba za zamani za mji. Kijana aliyenipokea aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Aliishi nani pale, mama? Kuna kiongozi? Kuna mtu maarufu?"

"Waliishi wapangaji," nikasema. "Na watu wa milimani walilala pale siku za soko."

Alisubiri niendelee. Kisha akaniambia pole, na nilivyomwona, ilikuwa pole ya kweli.

Walimhamisha kabla ya kubomoa, asione. Mimi nilikwenda kuona. Nilitaka angalau ule mlango wa mninga, nikakuta umeshauzwa na umeshaondoka. Nyumba ya udongo haipigi kelele ikianguka. Vijana walisukuma ukuta wa ukumbini, ukalala chini taratibu, vumbi likapanda na kutufunika sote, mafundi wa gereji wakafunga milango yao na kulalamika. Nilisimama katikati ya vumbi nikijaribu kunusa mdalasini. Nilikohoa tu. Kabla ya adhuhuri palikuwa pameshakuwa kiwanja, na nyuma yake, kwa mara ya kwanza kutoka barabarani, ulionekana mlima wote wa Uluguru, kijani chini na weusi juu palipoungua, kama vile mtu amefungua dirisha. Niliuchukia mlima siku hiyo.

Nilimfuata mama mkubwa huko Mikese. Nyumba ya yule mpwa ipo kando ya barabara kuu, malori yanapita usiku na mchana, na chai ikiwekwa mezani unaiona inatikisika kikombeni. Mke wa mpwa alikuwa mkarimu. Mama mkubwa alikuwa msafi, amepakwa mafuta, amevalishwa kanga mpya. Amekaa ameelekea ukutani.

Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kama kawaida yetu, nikamuuliza kuhusu wale watu waliolala ukumbini.

"Usiniulize tena mambo ya mjini," akasema. "Nilikuwa nakumbuka kwa kuangalia. Nikiuona mlango, namkumbuka aliyeingia. Hapa niangalie nini?"

Lori likapita, na jingine. Kisha, labda kwa kunionea huruma, akanishika goti.

"Lakini mama yako namkumbuka," akasema. "Maskini, na kile kidole chake."

"Kidole gani, mama mkubwa?"

"Si hiki hapa, cha shahada, kilichokatwa na panga kule kwao akiwa mtoto? Akipima mdalasini ulikuwa unakiona kile kigutu."

Mama yangu alikufa na vidole vyake vyote. Nilimwosha mikono mimi mwenyewe hospitalini, kidole kwa kidole.

Sikumwambia. Niliitikia, nikanywa chai, nikaaga. Ndani ya basi la kurudi ndipo nilipoanza kuhesabu kilichobaki: nani aliyelia kwa joto, nani aliyekohoa tumbaku, nani aliyeimba. Huenda kimoja ni cha mama. Huenda vyote ni vya msichana mwingine wa Matombo, ambaye naye ana watoto mahali fulani wasiojua lolote. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, wala chumba cha kwenda kusimama.

Mama mkubwa alifariki masika yaliyofuata. Walinipigia simu walipokwisha kuzika.

Mji Mpya bado napita, kwa sababu njia ya kwenda kwa fundi wangu wa nguo ni hiyo. Palipokuwa na nyumba pamejengwa fremu, milango yake ya chuma imefungwa, zinasubiri wapangaji. Mtu akinisimamisha kuniuliza njia, namwambia apite gereji, akifika duka la vigae akate kulia, kama anavyoelekezwa na watu wengine wote.