Stesheni ya Kupishana

Mjomba alisimamia stesheni ndogo katikati ya reli ya njia moja. Abiria hawakushuka hapo. Ilijengwa kwa sababu treni mbili zinazoelekeana haziwezi kurukana, lazima moja ikae pembeni.

Kila siku treni ya abiria iliondoka mjini saa nane mchana. Ya mizigo iliondoka mgodini saa hiyohiyo, umbali wa kilomita mia moja na ishirini. Zote zilikwenda kilomita arobaini kwa saa, kwa hiyo zilikutana kwake, kilomita ya sitini, saa tisa na nusu. Ya mizigo ikiwa pembeni, dereva wake, Bonge, alishuka wacheze drafti kidogo. Tangu mjomba afiwe na mkewe, huyo ndiye mtu pekee aliyezungumza naye uso kwa uso.

"Mkuu, hata nikifumba macho nakufunga," Bonge alitamba.

"Fumba mdomo kwanza."

Kisha ikaja injini mpya ya mizigo, ya kilomita sitini kwa saa. Mjomba, kwa kuwa alikuwa na mkono mtulivu, akapewa kazi ya kuchora grafu ya ratiba. Saa aliziandika chini, kilomita akazipanga pembeni. Mstari wa abiria ulipanda kutoka sifuri, kama zamani. Wa mizigo ulishuka kutoka mia na ishirini, safari hii kwa kasi zaidi, ukaukata wa abiria chini ya stesheni yake.

Alidhani penseli ni butu. Akaichonga, akachora upya. Palepale: kilomita arobaini na nane, saa tisa na dakika kumi na mbili. Akahakiki kwa hesabu. Kwa muda huo treni ya abiria imekwenda arobaini na nane. Ya mizigo imekwenda sabini na mbili, imebakiza arobaini na nane. Hapo palikuwa na stesheni ya jirani yake.

Halafu akachora mstari wa tatu, wa vitone, sambamba na ule wa mizigo lakini ukianzia saa nane na nusu. Huo ulikutana na wa abiria kwake kabisa. Akapiga simu ofisi kuu.

"Mizigo ikichelewa kuondoka nusu saa, mzee, zitapishana hapa kama kawaida."

"Na sisi tunapata nini?"

Mjomba aliutazama ubao wa drafti.

"Hakuna. Nilikuwa najaribu tu."

"Basi lete ule wa kwanza."

Akavifuta vile vitone kimoja kimoja.

Siku ratiba mpya ilipoanza, alisimama nje na bendera ya kijani. Mizigo ikapita bila kupunguza mwendo. Bonge alitoa kichwa akasema neno, injini ikalimeza. Baadaye kidogo simu ikalia, alikuwa jirani.

"Wamekutana salama, kaka." Nyuma yake mtu alikuwa akicheka. "Bonge anasema leo umepunga bendera kama unafukuza inzi."

"Mwambie inzi wa huku wana adabu, hawapigi kelele."

Jirani akaufikisha ujumbe, kicheko kikazidi. "Haya, ananiita huyu," akasema, akakata.

Mjomba akatoka tena nje. Saa tisa na nusu treni ya abiria ikapita, nayo bila kusimama. Akaangalia saa yake. Treni ilikuwa juu ya mstari, pale alipoichora.