Kete Yenye Kofia ya Pama

Jamani, nimeaibika. Mimi hubuni michezo ya mezani, na huu mpya sheria yake ilikuwa tayari: kuna kete moja ambayo kila mchezaji anamsukumia mwenzake, na atakayebaki nayo ameshindwa. Kilichokosekana ni kisa. Nilijaribu sangara anayeoza, nikajaribu ng'ombe mgonjwa, wapi!

Kisha nikamtazama baba mkwe, aliyetoka Bukoba kuja kumwona daktari na mpaka leo yuko sebuleni kwetu Buhongwa. Nikapata: mgeni asiyeondoka! Nikamchora kwenye kete na kofia yake ya pama, redio kwapani.

Jumamosi niliwaita marafiki waujaribu, nikijua mzee yuko kliniki. Akarudi mapema. Koku, mke wangu, ambaye hakuwa ameiona ile kete kwa karibu, akamkaribisha mezani. Nikaing'ang'ania kete, nikashindwa kila raundi, ili mradi isimfikie.

"Mbona unamkumbatia mgeni?" Koku akacheka. "Msukume kwa baba!" Akaninyang'anya, akaiweka mbele ya mzee.

Mzee akavaa miwani. Akaitazama kete, akaigusa kofia yake kichwani.

"Sasa mkwe wangu," akaniuliza taratibu, "kwa sheria zako, leo nalala kwa nani?"