Ngome Isiyokula

Kila Jumanne mtunzi mmoja mzee huingia kwenye duka la Advera la kuchapa maandishi, pale Tabora, mwavuli begani kama mkuki, akalamba kidole, akaanza kumsomea riwaya anayotaka ichapwe. Shujaa wake, mzee wa miaka sabini kama yeye, akichomoa upanga, jamani, hata wateja waliofuata fotokopi huinamisha vichwa. Mkono mmoja hufyeka hewa. Wa pili, laini kama haujawahi kugusa mpini wa jembe, hutambaa hadi kwenye kopo la Advera na kuchota matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula cha Advera cha mchana.

"Mzee wangu," Advera alimuuliza Jumanne moja, "ngome ya shujaa wako imezingirwa miezi minne. Wa ndani wanakula nini?"

"Mashujaa hawali, binti," akajibu, shavu limetuna. "Wanakula hasira."

Jumanne iliyofuata alileta ukurasa mpya: shujaa, kwa akili zake mwenyewe, amevumbua viazi vikavu na ngome imeokoka. Mpishi hakutajwa hata mmoja. Advera aliuchapa neno kwa neno, ila kopo alishalifungia kabatini. Mtunzi akapapasa meza, akapapasa tena.

"Kula hasira, mzee wangu," Advera akamwambia.